Kabla hujamwita mvivu: kutafuta kilichoharibika kwa mwanafunzi wa kidato cha tano na cha sita

Malalamiko huanza kuja kati ya Septemba na Desemba. Mtoto alimaliza kidato cha nne na wani nzuri, Julai akaripoti kidato cha tano, na mtihani wa kwanza ukarudi na E mbili na S. Mama anapiga simu: "Mwalimu, huyu mtoto kapatwa na nini? Kawa mvivu, au ndiyo makundi?" Kabla sijajibu, dawa imeshapatikana: aongezewe saa. Tuisheni ya jioni, tuisheni ya Jumamosi, prepo ya alfajiri.

Kwa miaka niliyofundisha vidato hivi hapa Mwanza, uvivu mtupu nimeukuta kwa wachache. Wengi ni watoto ambao tangu shule ya msingi wameambiwa wasome nini, lini, na kutoka daftari lipi. Halafu ghafla wanakutana na silabasi nene, vipindi vitupu katikati ya siku, na walimu wanaotarajia wajitafutie wenyewe. Kama hakuna anayewaamuru, hawajui pa kuanzia. Ukiwaongezea saa, unawaongezea saa za kukaa. Ndiyo maana naomba tuanze na dalili. Haya nawaandikia wazazi, walezi na wanafunzi wenyewe. Chukua inayokuhusu, nyingine ziache.

Kwanza mwili

Hapa watu hupita haraka, na hawapaswi.

Macho. Mwanafunzi anayenakili kwa kuchungulia daftari la jirani, huku ubao uko mbele yake, mara nyingi ubao hauoni. Hasemi, kwa sababu miwani inachekwa. Mpeleke akapimwe, Bugando wana idara ya macho.

Kichocho. Sisi wa ufukweni tunakijua, lakini tunakisahau mtoto akishavaa suruali ndefu. Aliyekulia kuoga na kuchota maji ziwani, awe wa Kayenze, Ukerewe au Sengerema, anaweza kukaa nacho miaka bila kujua. Kinaleta upungufu wa damu na uchovu usioisha, na mtu mwenye uchovu usioisha akiwa darasani anaitwa mvivu. Kampeni za kugawa dawa mashuleni huwalenga zaidi watoto wa msingi, kwa hiyo huyu mkubwa asisubiri kampeni. Akapime choo na mkojo. Dawa yake, prazikwanteli, ni ya siku moja kwa kawaida.

Njaa. Wa kutwa anayetoka Kisesa au Usagara kabla jua halijachomoza, akapanda daladala amesimama, akala mara ya kwanza saa nane mchana, hana tatizo la mbinu za kujisomea. Ana tatizo la chai.

Hayo yakiwa sawa, endelea.

Dalili: anakaa na daftari saa tatu nzima, ukimuuliza hakumbuki kitu

Hii ndiyo ninayoikuta kuliko zote, na huwapata hasa wanaojituma. Mtoto yupo mezani, kalamu ya rangi mkononi, mistari ya njano imejaa ukurasa mzima. Hakuna anayeweza kumlaumu.

Chanzo ni kusoma kwa kurudia. Ukurasa uliousoma mara ya nne unakuwa mwepesi machoni, na wepesi ule tunaudhania kuwa ni kuelewa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma kifungu na kukirudia. Jingine lilisoma, kisha likajaribu kuandika linachokumbuka bila kukiangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki, mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Na waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika mkubwa kwamba hawatasahau. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu mtihani wa taifa haufanyiki dakika tano baada ya kufunga daftari.

Jinsi ya kuhakikisha kama ndilo tatizo: chukua daftari, lifunge, mpe karatasi tupu. Dakika kumi aandike kila anachokumbuka kuhusu topiki aliyoimaliza sasa hivi. Asipangilie, asipambe.

Nilifanya hivyo kwa binti mmoja wa CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) aliyekuwa akisoma ikolojia. Daftari lake lilikuwa safi kama la karani. Alikuwa amenakili kuhusu viumbe wageni wanapoingizwa kwenye mazingira mapya, na sentensi zote za mwalimu zilikuwepo. Karatasi tupu ikapata mistari minne. Nikamuuliza, "Nyumbani mnakula samaki gani?" Akasema sangara na sato. "Na furu?" Akacheka: bibi yake huwa anawataja, kwamba zamani walijaa. Basi mada nzima ilikuwa jikoni kwao. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na kadiri alivyoongezeka, aina nyingi za furu zilipotea au zikabaki chache. Alikuwa anaijua habari hiyo tangu utotoni na hajawahi kuiunganisha na daftari, kwa kuwa daftari alikuwa analitazama tu. Karatasi ya pili, siku mbili baadaye, ilijaa pande zote.

Utaratibu wenyewe ni huo huo kila siku: soma sehemu fupi, funga, andika, fungua, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Ile rangi ya pili ndiyo inayokuonyesha cha kusoma kesho. Rudia baada ya siku mbili, halafu baada ya wiki. Mwanzoni inaudhi, na mwanafunzi atalalamika kwamba anajiona mjinga. Mwache alalamike. Kujiona hajui akiwa nyumbani Mabatini ni nafuu kuliko kujiona hajui ndani ya chumba cha mtihani.

Dalili: ratiba ipo ukutani, ina rangi, na hakuna anayeifuata

Sina imani kubwa na ratiba za rangi. Nyingi huchorwa Jumapili mchana na mtu aliyeshiba, kwa ajili ya nyumba ambayo haipo. Saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku: Kemia. Kweli? Nyumba ya Igogo yenye vyumba viwili, wadogo watatu, redio, na baa upande wa pili wa ukuta?

Ratiba isiyofuatwa usianze kwa kuichora upya. Chukua wiki moja, mwanafunzi aandike tu alichofanya, saa kwa saa, bila kuona aibu. Mwisho wa wiki utaona saa zenyewe zilipo. Kwa wengi wa mjini huwa ni saa kumi na moja alfajiri, kabla nyumba haijaamka, na saa moja ya kubaki shuleni baada ya vipindi, kabla hawajagombania daladala za Buhongwa. Saa mbili za kweli kwa siku ni nyingi. Kukatika kwa umeme nako kuwekwe kwenye hesabu tangu mwanzo: kazi za mwanga zifanywe alfajiri na mchana, na usiku ziachiwe zile zinazowezekana kwa taa ndogo ya sola, kama kujiuliza maswali kwa mdomo.

Kwa familia za dagaa hali ni nyingine kabisa, na hapa ratiba za shule huwaonea watoto. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti kitu na mitumbwi mingi hupumzika siku kadhaa. Maana yake ni kwamba nyumba ya Igombe au Kayenze haiendi kwa Jumatatu na Jumanne. Inaenda kwa mwezi. Siku za giza, alfajiri mama yuko mwaloni kununua, na kijana wa kutwa yupo naye akisaidia kutandaza dagaa juu ya nyavu au vichanja, kisha anakimbilia shule akiwa ananuka moshi na ziwa. Jioni kuna kuanua. Mvua ikitishia, hakuna Fizikia.

Kijana mmoja wa namna hiyo alikuwa anaadhibiwa na ratiba yake mwenyewe: wiki mbili aliifuata, wiki mbili aliiharibu, akajiona hana nidhamu. Tulichofanya ni kuchukua kalenda yenye alama za mwezi. Siku za mbalamwezi, pamoja na zilizo jirani nazo, tukazijaza topiki ngumu na maswali marefu. Siku za giza akabaki na dakika ishirini tu: kadi za maswali mfukoni, anazopitia akiwa anageuza dagaa. Mama yake alipoiona kalenda alisema, "Hii sasa ni ya kwetu," na kuanzia hapo ndiye aliyekuwa akimfukuza mwaloni siku za mwezi: "Wewe, leo si zamu yako, nenda kasome."

Dalili: bila mwalimu kusimama mbele, bila tuisheni, hafanyi chochote

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo sisi wakubwa tulipoharibu.

Fikiria alivyofika. Kidato cha nne alikuwa kambini kujiandaa na mtihani wa taifa: kengele ya kuamka, kengele ya prepo, mwalimu wa zamu mlangoni na fimbo, madesa, yaani notisi za kukariri, yaliyochapwa tayari, maswali yanayotarajiwa yamewekewa nyota. Matokeo yalikuja mazuri, shule ikajipongeza. Kijana mwenyewe hajawahi kufanya uamuzi hata mmoja kuhusu kusoma kwake. Huko kidato cha tano anapoachiwa, husubiri kengele ambayo haitalia, na mzazi kwa upendo anaenda kuinunua: tuisheni.

Sisemi tuisheni ni mbaya. Shule isiyo na mwalimu wa Hisabati kwa muhula mzima, tuisheni itaokoa. Lakini ipime hivi: muulize mwanafunzi aliporudi, "Leo ulienda na swali gani?" Kama alienda mikono mitupu kusikiliza, basi amehudhuria kipindi kingine cha shule kwa fedha zako.

Tiba ni kumkabidhi, na kukabidhi hakufanyiki kwa siku moja. Mzazi aliyekuwa akifuatilia kila jioni akiacha ghafla na kusema "sasa wewe mkubwa, jitegemee," atapata alichokitaka: mtoto aliyekaa. Anza na kitu kidogo. Wiki mbili za mwanzo kazi ni ile ile na muda ni ule ule, ila mpangilio achague yeye, aanze na Kemia au aanze na Baiolojia. Akizoea, achague pia asome nini usiku huo, na aandike kabla ya kukaa: sentensi moja, "leo nataka niweze kutatua maswali matatu ya topiki fulani." Usikubali "leo nasoma Kemia", hiyo haina mwisho, na kazi isiyo na mwisho huishia kwenye usingizi. Baadaye aamue mwenyewe kazi imekwisha lini, na akuonyeshe amejuaje kwamba imekwisha.

Katika kipindi chote hicho swali la mzazi libadilike. "Umesoma?" lina jibu moja tu, nalo ni ndiyo. Uliza, "Leo umekwama wapi?" Mama muuza samaki wa Mwaloni Kirumba ambaye hajasoma hata ukurasa mmoja wa Fizikia anaweza kuuliza swali hilo na akajua kwa uso wa mtoto kama kuna kazi iliyofanyika. Anayesoma kweli hukwama. Anayesema hajakwama popote wiki nzima, hajafungua kitu.

Upande wa shule tuna kanuni moja ofisini, na wanafunzi wanaichukia hadi waizoee. Anakuja kijana na kitabu.

"Shikamoo mwalimu. Hili swali sijalielewa."

"Marahaba. Umefika wapi?"

"Sijaanza, mwalimu."

Anarudishwa. Akakae dakika kumi na tano na aandike mambo matatu: nimepewa nini, naulizwa nini, na nilijaribu njia ipi ikanigomea wapi. Akirudi na karatasi hiyo, nitakaa naye hata saa nzima. Wengi hawarudi, kwa sababu katikati ya kuandika "nimepewa nini" wanaona kuwa kilo hawakuigeuza, au kwamba swali lilitaka mwendokasi wa mwisho na wao walikuwa wanatafuta wa mwanzo. Wanapita dirishani wananyoosha dole gumba.

Kuna chanzo kingine cha dalili hii, nacho ni tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo, aliyoichagua baba. Mtoto anasoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) kwa sababu ukoo unataka daktari, wakati moyo na alama zake vilikuwa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi). Huyu hutamfundisha kujitegemea kwenye safari asiyoichagua. Kaeni naye mapema, mumuulize bila shangazi wala mjomba kuwepo. Kwa aliye bado kidato cha nne, mfumo wa Selform wa TAMISEMI huruhusu kubadili machaguo baada ya matokeo kutoka, kabla ya uchaguzi kufanyika. Msiuache muda huo upite mkibishana. Kwa aliyekwisha kuripoti, nendeni kwa mkuu wa shule wiki za mwanzo, kabla masomo hayajaenda mbali.

Dalili: diskasheni kila jioni, alama hazipandi

Kipanga mmoja anaongea, saba wanaitikia. Wanaondoka wote wakiwa wameelewa jinsi kipanga alivyoelewa. Wapunguzeni wawe wanne, kila mmoja aje na swali alilokwisha kulijaribu peke yake, na chaki ishikwe na asiyejua. Kipanga akae kimya hadi aombwe. Wakishindwa kuvumilia ukimya huo, wavunje kundi.

Dalili: simu

Mengi yameshasemwa. Ninachokiona mimi kinachosahaulika ni kuhodhi: kijana ana mafaili mia ya madesa kutoka makundi ya WhatsApp, anajisikia tajiri, na hajafungua hata moja hadi mwisho. Achague moja kwa kila topiki, akatoe nakala steshenari, halafu simu ikae chumba kingine na mtu mwingine. "Nitaizima" haitoshi.

Dalili: anasinzia darasani, anakesha usiku

Miguu ndani ya beseni la maji baridi ili usingizi usije. Tumeyafanya vizazi na vizazi na tunayasimulia kwa fahari. Wataalamu wa usingizi wanashauri saa 8 hadi 10 kwa walio kati ya miaka 13 na 18, na usingizi ndio wakati ubongo unapokiweka sawa kilichosomwa mchana. Anayekesha anasoma kwa bidii kisha anakizuia kisiwekwe. Akilala saa tatu usiku na kuamka saa kumi na moja, ana saa nane zake, na saa ya alfajiri bado ipo. Bwenini ni vigumu zaidi, maana bweni lina fasheni yake. Patroni akizima taa kwa wote, mashindano ya kukesha hufa yenyewe.

Dalili: anaelewa, anafundisha wenzake, mtihani unamwangusha

Angalia mambo mawili. La kwanza ni Kiingereza. Yapo majibu mazuri yanayokufa kwa sababu mtoto aliambiwa atathmini, yeye akaorodhesha. Mwombe asome swali na akueleze kwa Kiswahili anachotakiwa kufanya. Akikosea hapo, tatizo si Historia. Afanye mazoezi ya vitenzi vya maswali peke yake, maswali kumi kwa siku, bila kuyajibu: aseme tu kila moja linataka nini.

La pili ni kutoijua karatasi yenyewe. Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake, bure, uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, swali kwa swali: waliofanya vizuri waliandika nini, waliofeli walipotelea wapi, na mara nyingine picha za majibu yenyewe. Ajabu ni kwamba wanafunzi hununua madesa ya mitaani na nyaraka hizo hawazifungui. Mwanafunzi ajibu pasti pepa nzima kwa muda wake kamili, akiwa peke yake, kisha ajisahihishe kwa kutumia uchambuzi huo kabla hajampelekea mwalimu. Kujisahihisha ndiko kunakofundisha.

Ukiona haya, acha mbinu zote

Aliyekuwa mchangamfu na sasa hali, hataki watu, analia bila sababu au anasema maisha hayana maana, huyo hana tatizo la ratiba. Vivyo hivyo binti ambaye ghafla anaogopa mtu fulani, au njia fulani ya kwenda shule. Zungumza na mwalimu wa ushauri na unasihi siku hiyo hiyo, au mpeleke hospitali. Masomo yatasubiri.

Kwa aliyebakiza wiki chache

Kama unasoma haya Machi na mtihani wa kidato cha sita ni Mei, usianze kujenga tabia mpya zote. Hakuna muda wa kalenda wala wa kukabidhiana. Chagua mbili: karatasi tupu kila siku kwa topiki moja ya kila somo, na pasti pepa moja kamili kwa wiki, iliyosahihishwa. Topiki ambayo hukuigusa kabisa na huulizwa mara chache, iache. Lala. Mzazi naye asiongeze tuisheni mpya mwezi huu. Kama ana fedha ya ziada, inunue taa nzuri, nauli ya kuwahi kufika na chai ya asubuhi ya kila siku ya mtihani.